Siku Niliyompelekea Mzee Dominiki Shoka

Ndugu zangu, kuna aibu mtu akiisimulia mara mbili inaisha, na kuna hii yangu, ambayo mpaka leo nikishuka Matombo watoto ambao hata hawakuwa wamezaliwa siku ile wananinyooshea vidole na kunong'ona, "Ndiye yule!" Nimeificha sana, lakini kwa kuwa mke wangu ameshawasimulia wanakwaya wenzake wote (na akaniongezea mengine ambayo sikuyafanya, eti nilijikojolea, jambo ambalo si kweli, nguo ziliniloa kwa sababu nyingine), basi bora mnisikie mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mnakumbuka, maduka ambayo tulizoea kuyaona na rafu tupu na muuzaji anayesinzia yakajaa ghafla, ukiingia hujui ushike nini, sabuni za rangi zote, termosi zenye maua, redio zinazopiga kaseti mbili kwa mpigo, na mitumba imerundikwa milima kama ya Uluguru yenyewe. Mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha nguo pale Morogoro, nimepanga chumba Kihonda, napikia mkaa, na kwa kweli tangu nizaliwe nilikuwa sijawahi kupasua kuni za kumtosha mtu chai. Nikampenda Prisca. Yeye alikuwa akishona kwa fundi mmoja mjini, lakini kwao ni Matombo, huko juu kabisa kwenye migomba, na kwao, kama mjuavyo Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama na mwenye neno ni mjomba. Mimi ni mtu wa Singida, nilizoea baba ndiye anayeombwa, kwa hiyo nilishangaa nilipomwona baba yake Prisca ananichekea na kuniambia, "Mimi sina shida na wewe baba, kamwone shemeji yangu."

Shemeji huyo ndiye Mzee Dominiki. Mzee mfupi, mkavu, macho yanacheka lakini mdomo haucheki, na ukimsalimia shikamoo anaitika marahaba kama mtu anayekagua kama umeitamka vizuri. Alimwambia mshenga wangu, Mzee Alfani, kwamba hataki porojo, nilete vitu vitatu tu vya kufungulia mazungumzo: jembe, kitambaa cheupe cha heshima ya mama, na shoka dogo la kupasulia kuni za jikoni. "Na shoka alichague mwenyewe," akasema. "Nataka nione anachagua nini." Nilijua asiponikubali yeye sina pa kukimbilia, maana anayemfuata kwa neno katika ukoo ni mdogo wake aliyekuwa akiishi Kisaki, na huyo alikuwa tayari na mchumba wa kumpa Prisca mfukoni, kijana wa reli, mwenye redio kubwa na kofia ya kazi.

Basi Jumamosi asubuhi nikaingia sokoni kuchagua shoka. Kwanza nikaenda duka la vifaa, nikaliona moja, jamani, jekundu, limepakwa rangi linang'aa, mpini wake mlaini una mpira wa kushikia, na lina kijikaratasi chenye picha ya mzungu akitabasamu mbele ya gogo. Nikalipenda pale pale. Nikaliweka begani, nikajitazama kwenye kioo cha kabati lililokuwa linauzwa pembeni, nikajiona nimekuwa mume wa mtu. Lakini neno la mzee likanisumbua, nikasema ngoja nipite na kwa wahunzi, angalau nikaulize.

Mhunzi alikuwa amekaa chini, kifua wazi, anafua chuma cha springi ya lori. Nikamweleza. Akaniuliza, "Atakayelitumia ni nani?" Nikasema mama mkwe. "Mnene, mwembamba?" Nikasema mama mkwe simtazami hivyo. Akacheka, akaniwekea mashoka manne madogo chini. "Sikiliza," akasema, "shoka jembamba linauma kuni na kuganda humo humo, mama wa watu atahangaika kulichomoa mpaka ugali uungue. La kupasulia liwe na tumbo, likiingia linasukuma huku na huku. Halafu lisiwe zito, atalishika mkono mmoja, mkono wa pili umeshika ukuni. Na mpini uangalie mti wake, nyuzi zinyooke kutoka juu mpaka chini, zikikatiza utavunjika." Akanipa moja baya kuliko yote, jeusi, halina rangi, mkia wa chuma umepenya kwenye kichwa cha mpini kama wanavyotengeneza siku zote. Akanitupia kipande cha ukuni wenye fundo, nikapiga mara moja ukaachana. Nikapiga mwingine. Nikawaita na waliokuwa wanapita waje waone. Nikalinunua lile baya, ingawa moyo ulibaki kwa lile jekundu.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe dogo hata naona haya kulitaja. Mzee Alfani alikuwa ameniambia mambo mawili. La kwanza, ninunue kapu kubwa lenye kifuniko, vitu vyote vitatu nivitie humo visionekane. La pili, njiani nisimwambie mtu ninakwenda kufanya nini, kwa sababu posa haitangazwi barabarani, wakikukataa utaficha wapi uso. (Yeye mwenyewe goti lilimvimba asingeweza kupanda mlima.) Hilo la pili nililishika kama amri ya Mungu. La kapu nikalipuuza. Mtu umehangaika na shoka asubuhi nzima, halafu ulifungie kwenye kapu kama kuku? Nilitaka nionekane. Shoka begani, jembe mkono wa kushoto, kitambaa cheupe kwapani, na mwilini nimevaa koti jeusi la sufu la mitumba ambalo nilikuwa nimelinunua kwa ajili ya siku hiyo tu.

Naona wengine mmeshaanza kucheka. Mimi sikuwa nimeona kitu.

Niliposhuka kwenye lori pale barabarani jua lilikuwa la utosi. Koti la sufu, mlima, jua. Jasho lilinitiririka mpaka machoni, nikawa napanda huku nafuta macho kwa leso kila hatua kumi. Nikakutana na akina mama wawili wanateremsha ndizi. Wakanitazama juu mpaka chini, shoka, jembe, kitambaa. Mmoja akatua mkungu. "Kwema huko utokako, baba?" Nikakumbuka posa haitangazwi, nikainamisha kichwa. "Unatoka mjini?" Nikasema ndiyo. "Unakwenda kwa nani?" Nikaona hilo haliepukiki, nikajibu kwa sauti ya chini, "Kwa Mzee Dominiki," kisha nikafuta macho nikaendelea. Nyuma yangu nikasikia, "Yesu na Maria!"

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba Mzee Dominiki alikuwa ameshuka mjini siku mbili kabla, shavu limemvimba, kwenda hospitali kung'olewa jino. Kijiji kizima kilijua. Na kwao, mtu mzima akitoka mjini mchana, koti jeusi, jembe la kuchimbia, shoka la kuni za wafiwa na nguo nyeupe kwapani, hasemi neno na anafuta machozi, haulizwi zaidi. Akina mama wale walirudi kijijini kwa njia ya mkato kupeleka habari. Mimi nikakaa kwenye kijito nikaosha miguu, nikafanya mazoezi ya hotuba yangu ya posa kama nusu saa hivi, tena kwa sauti na ishara za mikono (nguo zililoa hapo, nilipoteleza kwenye jiwe, wanakwaya waambiwe).

Nilipokaribia nikasikia kilio. Kilio chenyewe cha nguvu, kinatoka nyumba ile ile ninayoiendea. Mama mmoja akaja mbio, akaniangukia kifuani. "Pole baba! Mzee Dominiki katutoka!"

Ndugu zangu, sitadanganya, machozi ya kwanza hayakuwa ya marehemu, yalikuwa yangu mwenyewe. Nilimwona yule kijana wa reli na redio yake wazi wazi. Nikakaa chini nikalia kwa sauti, watu wakaniinua wakanikalisha kwenye mkeka wa wazee. Vijana wakachukua jembe langu wakaenda nyuma ya migomba kuanza kuchimba. Bibi mmoja akachukua kitambaa cha heshima ya mama, akakipima kwa dhiraa, akasema, "Kitamtosha, alikuwa mfupi." Na shoka langu likaanza kazi uani, maana kila mwanaume aliyefika alikuja na kuni zake, lundo likawa linapanda. Mtani wa ukoo wao, mzee mmoja anaitwa Pius, alikuwa ameshavaa kofia ya marehemu, amekaa kwenye kiti cha marehemu, anatangaza kwamba blanketi pia ni lake na kwamba marehemu alikuwa mchoyo hata wa jino, ndiyo maana limemuua. Kwao mtani akifanya hivyo msibani hamna wa kumgusa, ni haki yake.

Mzee mmoja aliyekwisha kuambiwa jina langu na Prisca akanisogelea. "Mwanangu Fidelisi, na wewe ulikuwepo alipokata roho?"

Hapo, hapo jamani. Kama ningesema sikuwepo, msiba wote ungeishia pale pale, tungeulizana nani kaleta habari, tungecheka tukanywa togwa. Lakini shetani ana akili. Nikawaza, huyu ndiye aliyekuwa na neno, na sasa hana mdomo. Mtu aliyekuwa naye dakika za mwisho, huyo ndiye anajua alisema nini. Nikamwona Prisca mlangoni mwa jikoni (alikuwa amekuja tangu jana yake kuningojea), macho mekundu, ananitazama. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Saa ngapi?"

"Alfajiri," nikasema.

"Na mwili?"

"Unakuja na lori la jioni." Katika uongo wote wa siku ile, hilo tu ndilo lililotimia.

Vijana sita wakatengeneza machela ya miti wakateremka barabarani kuupokea mwili. Nikataka kuwazuia nikashindwa, nikajipa moyo kwamba mwili lazima utakuja tu na lori fulani. Huku nyuma wazee wakanizunguka. Alisema nini? Aliacha wosia gani? Nami nikaanza kidogo kidogo, aliwasalimu wote, alisema mpendane, mambo ya kawaida ambayo marehemu yeyote angeyasema. Lakini nilipoona wanaume wazima wanalia kwa maneno yangu, nikanogewa. Nikasimama. Nikavua koti.

"Alinishika mkono huu," nikasema, "akaniambia, Fidelisi, Prisca ni wako. Akasema mdogo wangu wa Kisaki asiingilie. Akasema kijana huyu ametoka mbali, msimsumbue kwa mahari, mbuzi mmoja anatosha."

"Dominiki?" akauliza Pius kutoka kwenye kiti. "Mbuzi mmoja? Kweli alikuwa mahututi."

Wakati huo vijana wakarudi na machela. Juu yake kuna mtu amefunikwa blanketi mpaka kichwani. Vilio vikapanda upya, machela ikatuliwa mbele yangu, na wale vijana wakasimama kando wameinamisha vichwa, mabega yanawatetemeka, wengine wameng'ata mashati, nikasema moyoni kweli walimpenda mzee wao. Nikapiga magoti. Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Nikaweka mkono juu ya blanketi nikalia, "Mjomba! Mzee wangu! Si ndivyo ulivyoniambia? Si ulisema mbuzi mmoja?"

Mwili ukakaa.

Blanketi likaanguka, na nilichokiona ni Mzee Dominiki, shavu limevimba, kitambaa kimezungushwa kutoka chini ya kidevu mpaka utosini kama wanavyofungwa maiti wasiachame, pamba nyeupe inachungulia mdomoni. Alikuwa ameteremka kwenye lori akakuta machela inamngoja, akasikia habari yote, akasema kwa kuwa amechoka na mlima ni mrefu, wambebe tu, na atakayecheka atamjua.

Kilichofuata sikukiona vizuri kwa sababu nilikuwa nakimbia. Kila mtu alikuwa anakimbia. Mama mkwe, ambaye kwa heshima hatupaswi hata kutazamana, alinipita kwa bega akaniacha, jeshi zima la waombolezaji likavunja ua, sufuria la maharage likapinduka, nikaingia kwenye migomba bila kuangalia mbele, na ardhi ikaisha. Nilitua kwa kiuno kwenye udongo laini. Nilikuwa nimeingia kaburini, kaburi lililochimbwa kwa jembe nililolileta mwenyewe, na kifundo cha mguu kimeteguka siwezi kupanda.

Nikasikia hatua. Polepole. Mzee Dominiki akasimama ukingoni na kile kitambaa chake kidevuni, na mkononi ameshika shoka langu.

Nikaanza kusali sala ya wafu, na nikachanganya maneno, nikawa najiombea mimi.

Akalipima shoka mkononi, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akalitazama tumbo lake, akautazama mpini, nyuzi zake, akachuchumaa akapiga mara moja kipande cha ukuni kilichokuwa karibu, kikaachana. Akafungua kitambaa, akatoa pamba mdomoni, akatema damu pembeni. Watu walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja, wamejificha nyuma ya migomba.

"Shoka zuri," akasema, ulimi mzito. "Nani kakuchagulia?"

Nikafungua mdomo niseme mimi mwenyewe. Halafu nikamwona Prisca amesimama nyuma yake, mikono kiunoni, halii tena. Nguvu za kudanganya zikaniishia.

"Mhunzi, Mzee. Mimi nilitaka lile jekundu la dukani."

Mzee akaliegemeza shoka begani. "Hilo," akasema, "ndilo neno la kwanza la kweli umesema tangu ufike kwangu." Akageuka kwa watu. "Mtu akidanganya mchana kweupe na jioni hiyo hiyo uongo ukamkalisha kaburini, huyo hana hatari, hataweza kumficha mwanangu kitu. Nimekubali. Atapewa."

Watu wakapiga vigelegele, nami humo shimoni nikatamani kuwaangukia miguuni wote. Mzee akainua mkono.

"Marehemu alisema mbuzi mmoja," akasema. "Mimi niliye hai nasema sita."

Na haikuishia hapo, kwa sababu kuni za msiba hazirudishwi zilikotoka, ni mwiko, na lundo lile lilikuwa limefika usawa wa paa. Nilipasua siku tatu, mguu umefungwa majani, kwa shoka lile dogo la mkono mmoja, huku Pius amekaa na ile kofia (alikataa kabisa kuirudisha, akasema ya marehemu hairudi) akinionyesha kila kipande nilichokipasua vibaya. Mama mkwe aliletewa kitambaa chake, akakiangalia, akasema atakitunza lakini hatakivaa. Prisca hakunisemesha mpaka siku ya tatu jioni, alipokuja kuchukua kuni za kupikia, akanitazama malengelenge ya mikono, akasema, "Alfajiri, eh?" akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Nilimpenda zaidi siku ile, na nilijionea haya kuliko nilivyowahi kujionea maishani, maana alimlilia mjomba wake nusu siku nzima kwa sababu yangu.

Kwa hiyo nikaweka nadhiri kwa Mungu, na mpaka leo naishika. Nikiwa msibani na mtu akaniuliza marehemu alisema nini, najibu sijui, hata kama nilikuwepo, hata kama alisema nami kwa saa nzima. Na ninyi mnaoniangalia kama watakatifu, siku shetani akiwajia na akili zake kama alivyonijia mimi, nawaomba jambo moja tu: kabla hujamsingizia marehemu, kwanza hakikisha amekufa.